Mtoto wa Mbwa Asihame Kabla ya Chanjo ya Kwanza

Mfugaji anayezalisha mbwa anapaswa kuhakikisha kwamba kila mtoto amepata chanjo ya kwanza angalau wiki moja kabla ya kukabidhiwa kwa mmiliki wake mpya. Wapo wanaodai kuwa kazi hiyo ni ya mnunuzi kwa sababu ndiye atakayekaa naye, lakini hoja hiyo inasahau kwamba mtoto huachana na mama yake wakati ule ule ambapo kinga aliyoipata kwake inapungua, tena akiwa anasafirishwa, anabadilishiwa chakula na kulala peke yake kwa mara ya kwanza maishani.

Kinga hiyo hutoka kwenye dang'a, yaani maziwa ya mwanzo, ambayo mtoto anatakiwa kuyanyonya ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Kingamwili zilizomo humlinda, ila pia huikwamisha chanjo, kwa kuwa zikikutana na virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo huviangamiza kabla mwili wa mtoto haujajifunza kuvitambua. Hupungua kwa kasi tofauti hata kwa watoto wa uzao mmoja, kiasi kwamba mmoja anaweza kuipokea chanjo vizuri akiwa na wiki 8 wakati ndugu yake hawi tayari mpaka wiki ya 14. Katikati hapo huwa kuna siku ambazo kingamwili zimebaki chache mno kumkinga mtoto, lakini bado zinatosha kuibatilisha chanjo. Kwa macho huwezi kulijua hilo. Ndiyo maana chanjo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mtoto atimize wiki 16 au zaidi, kisha akaongezewa nyingine kati ya miezi 6 na 12.

Chanjo hii ya msingi hukinga dhidi ya distempa (ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, tumbo na neva), homa ya ini ya virusi na parvo, ugonjwa wa virusi unaoharibu utumbo, na kwa mfugaji parvo ndiyo ya kuogopwa zaidi. Tangu ulipotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ugonjwa huu umeenea duniani kote, na virusi vyake huweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi bila kufa, wala sabuni ya kawaida haiviui. Mtoto aliyekuwa akigombania ziwa asubuhi, jioni unamkuta amejikunja pembeni huku povu jeupe likimtoka mdomoni, na kesho yake anaharisha damu yenye harufu nzito. Kwa kuwa dalili huchelewa siku kadhaa, mara nyingi 3 hadi 7, aliyeambukizwa kwa mfugaji huweza kuugulia kwa mnunuzi, na hapo ugomvi juu ya nani alaumiwe hauwasaidii wote wawili, achilia mbali mtoto mwenyewe.

Kazi ya kuchanja ifanywe na daktari wa mifugo, ambaye atampima mtoto kwanza, maana anayeharisha au mwenye homa hachanjwi mpaka apone. Dawa ya minyoo isisubiri siku hiyo: huanza wiki ya 2 na kurudiwa kila wiki 2 mpaka wiki ya 8. Chanjo yenyewe huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, haigandishwi, na ile inayokuja kama unga mkavu ikishachanganywa na maji yake hutumika papo hapo. Nimeshuhudia kichupa cha dozi moja kikigawanywa kwa watoto wanne kwa madai kwamba ni wadogo, na jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu dozi haipimwi kwa uzito na wanunuzi wote wanne waliambiwa kuwa mbwa wao wamechanjwa.

Neno "amechanjwa" ndilo linaloleta madhara hata pale ambapo mfugaji hana nia mbaya. Mtoto wa wiki 8 ameanza tu kuchanjwa, na chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12, akiwa tayari kwa mnunuzi. Kwa hiyo kadi ya chanjo iwe na tarehe, kibandiko cha kichupa, sahihi ya daktari na tarehe ya chanjo inayofuata, na mnunuzi aelezwe asimshushe mtoto mahali wanapopita mbwa asiowajua. Hata hivyo, asimfungie ndani, kwa kuwa umri wa kuzoea watu na sauti ngeni hupita upesi. Ambebe mikononi na kumkutanisha na mbwa wazima waliokamilisha chanjo. Tarehe ya chanjo ya pili inapokaribia, mfugaji ampigie simu.