Kupeleka kambi ya matibabu delta ya Rufiji: anzia kwenye rufaa

Mimi ni muuguzi mkunga. Sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya katika zahanati za Kibiti, upande wa delta, ambako mgonjwa akitaka kwenda hospitali hupanda boti kwanza. Tangu Aprili 2024, Mto Rufiji ulipofurika na kufunika mashamba na nyumba za watu wa Rufiji na Kibiti, nimekuwa nikipigiwa simu na vikundi vya kila aina: kina mama wa vikoba vya Dar es Salaam, vijana wa msikitini, kwaya, watu waliosoma sekondari pamoja. Wanauliza hivi: "Dada, tumechanga, tuna madaktari wawili watatu, tuje lini?"

Nawajibu kwa swali. Mtu mtakayemkuta na ugonjwa mkubwa, atafikaje hospitali, na kwa fedha ya nani?

Kambi ya siku moja hugundua maradhi mengi kuliko inayoweza kuyatibu. Utampima bibi ukute presha 200 kwa 110. Utamkuta mtoto miguu yote miwili imevimba, au mama mwenye uvimbe kwenye titi ambao hajawahi kumwonyesha mtu. Ukimwambia "nenda hospitali" halafu ukapanda boti yako, umemwachia hofu ambayo jana hakuwa nayo, na hana nauli. Kwa hiyo tengeni theluthi ya mchango wote kabla ya kununua hata panado moja. Fedha hiyo ni ya nauli ya boti na gari, chakula cha anayemuuguza mgonjwa, na vipimo. Isiguswe kwa fulana wala mabango. Mjamzito, mama aliyetoka kujifungua na mtoto mchanga wakipata dharura, zahanati hupiga 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa mama na mtoto mchanga; simu haina malipo, usafiri hupangwa. Wengine wote wanategemea mfuko wenu.

Likishapatikana jibu la hilo, ndipo muende kwa mganga mkuu wa wilaya na barua. Andikeni mko nani, mnataka kutoa huduma gani, wataalamu wenu na leseni zao, dawa mtakazobeba. Daktari anayetoka nje ya nchi lazima apate kibali cha muda cha Baraza la Madaktari Tanganyika, na dawa za kutoka nje zipitie TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mtu asiwadanganye kwamba "kule kijijini hakuna anayeuliza". Wanakijiji wanastahili daktari mwenye leseni kama anavyostahili mtu wa Masaki. Baada ya wilaya, nendeni kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti.

Kisha mpigieni mganga mfawidhi, yule anayeisimamia zahanati, mzungumze naye kwa kirefu. Yeye ndiye atakayebaki na wagonjwa wenu. Mwulizeni ana upungufu gani, kliniki ya watoto ni siku gani, nani anatumia dawa za presha na anazipata wapi. Mwulizeni pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni akina nani, maana hao wanazijua nyumba: wanajua mzee asiyeweza kutembea analala wapi na nani hajampeleka mtoto chanjo. Walipeni posho yao vizuri, hata kabla ya madereva.

Tarehe msiipange kwa kalenda ya ofisini. Delta inaendeshwa na maji. Mkitaka kuingia vijiji vya ndani kutoka Nyamisati, kaeni na nahodha awaambie siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ni zipi na maji yatajaa saa ngapi, kwa sababu maji yakipwa mtakwama kwenye matope katikati ya mikoko na wagonjwa wanawasubiri. Kila abiria avae jaketi la kujiokoa, madaktari pia. Ulizeni na msimu wa mpunga. Mpunga ukikaribia kuiva familia nzima huhamia shambani, wanakaa kwenye madungu kulinda ndege na nguruwe, na mkifika kijijini mtakuta nyumba zimefungwa. Ijumaa mchana iacheni.

Sasa dawa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kikundi kimoja kiliwahi kutuachia maboksi ya dawa zilizobakiza wiki chache kuisha muda, nyingine zina maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Dawa iliyoisha muda haitupwi shimoni, ina utaratibu wa kuiteketeza chini ya TMDA, na mzigo huo uliangukia zahanati isiyo na hata stoo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada ibakize angalau mwaka mmoja inapofika, na iwe na jina halisi la dawa, siyo jina la biashara peke yake. Msikusanye vidonge vilivyobaki majumbani kwa watu.

Nunueni chache zinazotumika: dawa mseto ya malaria pamoja na vipimo vya haraka, ORS na zinki, amoksilini ya watoto ya vidonge vya kuyeyusha, paracetamol, dawa ya minyoo, dawa za ngozi, miwani ya kusomea. Dawa za presha na kisukari msizianzishe kwa mtu kama zahanati haiwezi kuziendeleza. Vidonge vya siku 14 halafu basi havimsaidii mgonjwa wa presha. Afadhali mkubaliane na mganga mfawidhi, yeye aanzishe na kufuatilia, ninyi mnunue akiba ya miezi kadhaa ya dawa ileile anayoitumia.

Siku yenyewe, watoto chini ya miaka mitano waanze. Wote kuanzia miezi 6 wapimeni kwa utepe unaozungushwa mkono wa juu: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kati ya hapo na 12.5 ni wa kadiri. Bonyezeni na miguu. Miguu yote miwili ikibonyea na kubaki na shimo, huyo mtoto anahitaji matibabu hata kama mkono unaonekana mnene. Mtoto anayekohoa mhesabieni pumzi dakika nzima akiwa ametulia kwa mama yake. Pumzi 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya nimonia. Homa isitibiwe malaria bila kipimo. Mwenye kuhara apewe zinki ya siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, na aliye chini ya miezi 6 apewe 10. Mama aikoroge ORS ya kwanza mbele yenu, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, msimwachie maelezo ya mdomo tu.

Wekeni chumba chenye pazia, kanga mbili zinatosha, na mhudumu mwanamke ndani. Kwa wanaume, pangeni saa yao ya jioni. Pwani yetu ina mabusha, na mwanaume aliyeishi nalo miaka mingi hatasimama foleni moja na shemeji zake. Kina baba wakiambiwa ipo saa yao na mhudumu mwanaume, wanakuja. Hamtawapasua hapo. Mnawaandika majina, mnawapima presha, mnaipeleka orodha wilayani ili wapangiwe upasuaji, na nauli yao inatoka kwenye ile theluthi.

Kila mgonjwa aandikwe kwenye vitabu vya MTUHA vya zahanati, vile vya takwimu za afya za serikali. Msiondoke na daftari lenu peke yenu, kwa kuwa takwimu hizo ndizo zinazoonyesha kijiji kinahitaji nini. Sindano ziingie boksi la usalama, likifika robo tatu lifungwe, na mrudi nalo hadi kwenye kituo chenye kichomea taka. Picha za watoto wagonjwa msizipige. Mchangiaji anayetaka ushahidi apewe risiti na hesabu.

Maji yakiwa bado yamesimama kijijini, mambo hubadilika kidogo. Hapo msiende kivyenu: kamati ya maafa ya wilaya, chini ya mkuu wa wilaya, inajua kambi zipi za waathirika zimepata nini na zipi zimesahauliwa. Katika mafuriko nimeona maji machafu na mbu wakiwaumiza watu kuliko njaa ya siku mbili. Leteni ndoo zenye bomba na kifuniko, sabuni, vyandarua, sufuria, kanga, taulo za kike, na vidonge vya kutibu maji. Kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji yasiyo na tope. Yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa. Mkishatia kidonge, subirini nusu saa kabla ya kunywa. Maziwa ya kopo ya watoto msilete. Yakikorogwa kwa maji ya mafuriko yanamwua mtoto ambaye ziwa la mama lingemlinda. Mpeni mama chakula, naye atanyonyesha. Mkisikia mtu ameumwa na nyoka, msimfunge kamba wala kumchanja. Mlazeni, mguu usitikisike, boti iondoke mara moja.

Kabla ya kuondoka, kaeni na mganga mfawidhi mpitie orodha ya rufaa jina kwa jina. Nakala moja abaki nayo, nyingine achukue mmoja wenu ambaye kazi yake ni hiyo tu. Baada ya wiki mbili apige simu: nani amefika hospitali, nani amekwama, kwa nini. Aliyekosa mtu wa kumwachia watoto atafutiwe mtu, aliyepungukiwa nauli atumiwe kupitia mganga au mtendaji. Apige tena mwezi unaofuata, na aendelee hadi kila jina liwe na jibu mbele yake. Fedha ikibaki, mwulizeni mganga mfawidhi inunue nini.