Kupunguza Uzito wa Fimbo ya Kuvulia Unayojiundia: Anza Nchani

Mtu anayejiundia fimbo ya kuvulia hununua ufito mtupu wa kaboni, kisha huufunga pete za kupitishia mshipi kwa uzi unaopakwa vanishi, na kuugandisha kikalio cha rili pamoja na mpini. Ufito huo, ukiushika kabla ya kuufunga chochote, hutikisika na kutulia mara moja. Kila kinachoongezwa juu yake huupunguzia sehemu ya wepesi huo, na fundi asiyepima hugundua hasara yake akiwa ameshamaliza kazi. Maelezo haya yanahusu fimbo nyepesi ya futi 7, yaani sentimita 213, ya kurushia vyambo bandia vidogo kwa rili ya kuning'inia chini ya fimbo, kama ile ambayo ningeichukua kwenda kutafuta kolekole wadogo katika hori ya Kilifi au ya Mtwapa. Fimbo za kuvutia samaki wakubwa kutoka kwenye boti zina mahitaji mengine, na kuzipunguza kwa njia hizi ni kuzidhoofisha.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuhesabu uzito wa fimbo nzima bila kuuliza uzito huo umekaa wapi. Tuseme mkono unashika sentimita 30 kutoka kitakoni, yaani mwisho wa nyuma wa fimbo, hivyo ncha iko sentimita 183 mbele ya mkono. Gramu 1 iliyoongezwa nchani huhitaji takriban gramu 6 kitakoni ili fimbo irudi kwenye ulinganifu wake wa awali, na hapo fundi atakuwa ameongeza gramu 7 kwa kosa la gramu 1. Wakati wa kurusha hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu ukinzani wa kitu kinachozungushwa huongezeka kwa mraba wa umbali wake: gramu iliyo sentimita 180 kutoka mkononi hukinza mara 9 kuliko gramu iliyo sentimita 60. Kwa hiyo kazi ya kupunguza ianzie nchani na kurudi nyuma, na fedha za vifaa ghali zitumike kwa mpangilio huohuo.

Pete ndizo zenye faida kubwa kuliko vyote. Fremu ya titani ina msongamano wa takriban gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali chuma kisichoshika kutu kinakaribia gramu 8. Na katika pwani yetu titani ina sifa ya pili iliyo muhimu vilevile, kwamba chumvi ya bahari haiitafuni, wakati chuma hicho, licha ya jina lake, huanza kuonyesha madoa pale fremu inapokutana na vanishi. Iwapo bei hairuhusu kununua titani kwa fimbo nzima, inunue kwa pete ya nchani na zile nne au tano zinazoifuata, kisha utumie chuma kwa pete kubwa zilizo karibu na rili. Kauri ya ndani, yaani duara ambamo mshipi hupita, nayo itazamwe: silikoni kabidi ni ngumu kuliko oksidi ya alumini na ni nyepesi kwa ujazo uleule.

Pete za mguu mmoja, mguu ukiwa ni sehemu ya fremu inayofungwa uzi juu ya ufito, zinafaa kwa sehemu yote ya mbele, kwa kuwa kila mguu unaoondolewa huondoka na uzi wake na vanishi yake. Pete ya kwanza iliyo karibu na rili inaweza kubaki na miguu miwili, kwa sababu hugongwa zaidi na mchango wake katika kulemea ncha ni mdogo. Kuhusu ukubwa, pete za mbele za namba 5 au 5.5 zinatosha kwa mshipi mwembamba wa kusukwa, lakini kumbuka kwamba namba hutaja kipenyo cha nje cha kauri na tundu lenyewe ni dogo zaidi. Kabla ya kufunga chochote, funga fundo lile unalounganishia mshipi na kiongozi (kipande cha mshipi mwingine kinachotangulia chambo), ulipitishe katika pete ndogo kuliko zote mara kadhaa. Fundo likikwama mezani, litakwama pia samaki akiwa anakimbia.

Idadi ya pete isipunguzwe kwa kukisia. Zishikize kwa utepe wa karatasi, pitisha mshipi, kisha uukunje ufito taratibu huku ukitazama kama mshipi unafuata mkunjo wake. Mahali ambapo mshipi unakata kona kali panahitaji pete nyingine au pete ya jirani isogezwe. Kwa urefu huu mara nyingi huishia na pete 8 mbali na ile ya nchani, na kuondoa moja ili kuokoa sehemu ya gramu huuhamishia ufito mzigo ambao haukuundwa kuubeba. Vilevile, usiuparue ufito kwa msasa ili kuondoa rangi yake: nyuzi za kaboni zilizo juu hukatika, na fimbo huvunjika hapohapo siku isiyotarajiwa.

Sehemu inayopuuzwa zaidi ni vanishi ya epoksi, na hapa naomba msomaji awe na subira. Fimbo yangu ya kwanza ilikuwa na pete nyepesi, lakini kila fungo lilikuwa limevimba vanishi, na mizani ya sonara ilinionyesha kwamba vanishi hiyo ilikuwa imemeza karibu faida yote ya pete. Siku hizi hunoa ncha ya mguu wa pete hadi iwe nyembamba, nikatumia uzi mwembamba kabisa, nikaufunga ukapita mguu kwa milimita chache tu, wala siweki uzi wa pambo chini ya pete. Epoksi huja katika sehemu mbili za kuchanganywa, nazo hupimwa kwa mabomba mawili ya sindano, kila sehemu na lake, kwa uwiano ulioandikwa kwenye chupa, nawe uvae glavu. Joto la pwani huiharakisha kuganda, kwa hiyo imwage mara moja juu ya karatasi ya alumini itandazike. Ikibaki imejikusanya kikombeni hujipasha moto yenyewe na kuwa nzito kabla hujafika pete ya tatu. Sishauri kuilainisha kwa asetoni. Paka kidogo, zungusha fimbo polepole kwa dakika chache, kisha gusa upande wa chini wa kila fungo kwa brashi kavu ili inyonye kilichozidi. Tabaka la pili liwekwe pale tu ambapo kidole bado kinahisi nyuzi.

Mpini hauhitaji maneno mengi. Gawa mshikio uwe vipande viwili, ukiacha ufito wazi katikati, na uchague gome la koki au sponji ngumu ya EVA. Ndani ya kikalio cha rili tumia bushi za povu gumu badala ya mizunguko ya utepe wa karatasi iliyolowa gundi.

Kikalio kisigandishwe mapema. Kikiwa bado kimeshikizwa kwa utepe, funga rili yenye mshipi wake, weka fimbo juu ya kidole pale mkono utakaposhika, na utazame ncha. Ikiinama sana, sogeza kikalio mbele sentimita 2 au 3 na upime tena kabla ya kufikiria kuongeza risasi kitakoni. Ikiinama kidogo tu, iache ilivyo na uchanganye gundi, kwa kuwa wakati wa kuvuta chambo ncha huelekezwa chini na mkono hausumbuki nayo.