Ukipata siku chache Tamil Nadu, panda Coonoor

Kazi yangu ni kusindikiza wagonjwa wanaotoka Dar es Salaam kwenda kutibiwa Chennai na Coimbatore, miji ya jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, kwa hiyo naijua vizuri ile siku daktari anaposema, "Majibu bado, rudini wiki ijayo." Watu hurudi loji, huwasha feni, hulala mchana kutwa na kuhesabu siku. Joto la Chennai halimpumzishi mtu, na muuguzaji huchoka kuliko hata mgonjwa mwenyewe. Ushauri wangu kwake, na kwa mwanafunzi aliye likizo au mfanyabiashara aliyemaliza kununua mzigo mapema, ni kupanda milima ya Nilgiri na kushukia Coonoor, mji wa mashamba ya chai.

Wengi wakisikia Nilgiri wanakimbilia Ooty, kwa sababu ndilo jina linalotajwa na kila dereva. Ooty ni pazuri, lakini Aprili na Mei, shule za India zikifungwa, mji unajaa magari na bei za vyumba zinapanda. Coonoor iko chini yake kidogo, kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari wakati Ooty ni mita 2,240, na kati yao ni kilomita 19 hivi kwa barabara. Baridi ya Coonoor inavumilika kwa mtu wa pwani, na chai imeuzunguka mji hadi kwenye kuta za nyumba. Ooty utakwenda asubuhi na kurudi jioni.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila ninayempeleka: kataeni pakeji ya kuzungushwa vivutio kumi kwa siku. Dereva anawashusha, mnapiga picha, mnarudi garini, honi, kona, kichefuchefu. Mtu anarudi amechoka zaidi ya alivyokwenda. Chukueni chumba kimoja Coonoor kwa usiku tatu au nne, na kila siku iwe na shughuli moja tu.

Kama anayekwenda ni mgonjwa, daktari wake aulizwe kwanza, hasa aliyefanyiwa upasuaji karibuni au mwenye shida ya moyo au mapafu. Mwinuko si wa kutisha, ila kona za barabarani zinamtikisa mtu. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na nakala ya karatasi za hospitali.

Kuhusu majira, mimi napenda Januari hadi Machi. Mchana jua ni la upole, usiku unahitaji sweta nzito na soksi. Juni hadi Septemba ni mvua inayoletwa na upepo wa kusini-magharibi, kisha Oktoba hadi Desemba inakuja mvua ya kaskazini-mashariki, na hiyo ndiyo inayoipiga Coonoor zaidi. Ikinyesha sana udongo huporomoka, njia ya reli hufungwa na treni hufutwa. Anayekwenda miezi hiyo aache siku moja ya akiba kabla ya miadi ya daktari.

Sasa safari yenyewe. Kutoka Chennai Central kuna treni ya usiku, Nilagiri Express, inayofika Mettupalayam alfajiri, chini kabisa ya mlima. Kwa mzee, omba kitanda cha chini wakati wa kukata tiketi. Hapo Mettupalayam mnahamia treni ndogo ya milimani inayoondoka saa moja na dakika kumi asubuhi. Aliye Coimbatore yuko karibu zaidi, kilomita 35 hivi tu. Tiketi za ile treni ndogo huisha haraka sana, kwa hiyo ziwinde mara zinapoanza kuuzwa, siku 60 kabla ya safari. Ukiona kwenye tiketi herufi WL, ujue bado uko kwenye foleni ya kusubiri, usiijengee ratiba.

Ninawasukuma watu kwenye treni hiyo kwa sababu mapumziko yanaanzia humo. Reli ilifika Coonoor mwaka 1899 na Ooty mwaka 1908, na mwaka 2005 UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia. Njia nzima ni kilomita 46, kutoka mita 326 hadi mita 2,203, na safari ya kupanda huchukua karibu saa tano. Kuanzia kituo cha Kallar mlima unakuwa mkali mno kwa magurudumu ya kawaida. Ukichungulia chini utaona kati ya reli mbili kuna chuma chenye meno, na injini ya mvuke ina gurudumu la meno linaloumana nacho ili isiteleze. Penye mwinuko mkali zaidi, kila mita 12 za kwenda mbele ni mita moja ya kupanda. Injini inakaa nyuma na kusukuma, hivyo aliye behewa la mbele haoni kitu kinachomziba, isipokuwa mtu wa breki aliyesimama na bendera zake. Mtaingia kwenye mahandaki, watoto watapiga kelele gizani, kisha mtatokea darajani na bonde lote liko chini yenu.

Kwenye kituo cha Hillgrove treni inasimama ili injini ijazwe maji. Abiria hushuka, wananunua vadai za moto, yaani bajia za dengu, na chai. Nyani wa pale wanaijua ratiba kuliko wasafiri. Mfuko wa chakula ushikwe kwa mikono miwili, na watoto wasiwape kitu.

Mkikosa tiketi, basi za serikali hupanda kutoka Mettupalayam hadi Coonoor kutwa nzima. Kaa viti vya mbele, kula kidogo kabla ya kuondoka, na uangalie barabara, simu iache. Wanaokodi teksi wakumbuke kibali cha mtandaoni: tangu Mei 2024, kwa amri ya Mahakama Kuu ya Madras, gari linaloingia Nilgiri linatakiwa kusajiliwa kabla. Madereva wa Coimbatore wanajua kukijaza, lakini mwambie akuonyeshe kimetoka kabla hujapakia mizigo. Abiria wa basi na treni hawahusiki.

Chumba kitafute Coonoor ya juu, upande wa bustani ya Sim's Park. Coonoor ya chini, penye stesheni, stendi na soko, ina kelele. Kabla ya kulipa uliza mambo matatu. La kwanza, kama wanapokea wageni wa nje, kwa sababu mwenye nyumba analazimika kumwandikisha mgeni huyo serikalini ndani ya saa 24, na nyumba ndogo nyingine hazimo kwenye utaratibu huo. Bora ukataliwe kwenye simu kuliko saa mbili usiku na mgonjwa mlangoni. La pili, maji ya moto yanatoka saa ngapi. La tatu, blanketi za ziada, maana vyumba vingi havina hita. Pasipoti na viza viwe na nakala.

Siku ya kwanza msifanye kitu. Kunyweni chai, laleni. Ya pili nendeni Sim's Park, bustani iliyoanzishwa mwaka 1874 kwenye mteremko, yenye miti mikubwa na viti vya kutosha kwa mtu asiyeweza kutembea mbali. Kushuka ni rahisi, kupanda kunachosha, hivyo mzee abaki sehemu ya juu.

Siku nyingine tembeleeni kiwanda cha chai. Kuna kadhaa kuzunguka mji vinavyopokea wageni, na harufu utaipata kabla hujafika mlangoni. Utaona majani mabichi yametandazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, feni zikipuliza hewa kwa chini hadi jani linyauke na kulegea kiasi kwamba unaweza kulikunja bila kuvunjika. Kisha linaviringishwa, linaachwa ligeuke kutoka kijani kuwa rangi ya shaba, linakaushwa na kuchekechwa kwa madaraja. Omba uonjeshwe ile isiyosagwa sana. Kuinywa bila maziwa hapo hapo ni jambo ambalo hata wapenzi wa chai ya rangi nyumbani hulisifu.

Mashambani tembea mchana, kwenye njia inayotumiwa na wachumaji. Kabla jua halijachomoza na baada ya magharibi, acha. Humo wanapita gaur, ng'ombe-mwitu mkubwa kuliko nyati wetu, mweusi na miguu myeupe utadhani kavaa soksi. Anaweza kuwa anakula kimya nyuma ya mchai usimwone. Ukimkuta simama, rudi nyuma polepole, usimpigie picha kwa karibu. Chui nao wapo. Wakati wa mvua, ruba watapanda kwenye viatu.

Mkitaka mandhari, majabali ya Lamb's Rock na Dolphin's Nose yako barabara moja, na kutoka Dolphin's Nose unaona maporomoko ya maji ya Catherine ng'ambo ya bonde. Nendeni asubuhi, mchana ukungu hufunika kila kitu.

Kwa Ooty, pandeni treni ya asubuhi kutoka Coonoor. Mtapita Wellington, penye chuo cha kijeshi kinachofundisha pia maofisa wa nchi rafiki, za Afrika zikiwamo, na Aravankadu penye kiwanda cha baruti. Kamera ziwekeni chini sehemu hizo. Ooty kuna bustani ya mimea ya mwaka 1848, na kilele cha Doddabetta, mita 2,637, kirefu kuliko vyote Nilgiri. Mimi ningechagua bustani. Shali za Watoda, nyeupe zenye nakshi nyekundu na nyeusi, ni kazi ya mkono ya wanawake wa jamii hiyo ya wafugaji wa nyati. Nunua kwa bei yao, usibishane sana.

Chakula hakina taabu. Idli, yaani vikate laini vya mchele vilivyopikwa kwa mvuke, na mchuzi wa sambar asubuhi, wali kwenye jani la mgomba mchana, jioni bajia za pilipili na varkey, biskuti yenye matabaka inayopasuka mdomoni, na chai. Mwenye vidonda vya tumbo aombe wali wa mtindi.

Chupa za maji za plastiki zimepigwa marufuku wilaya nzima na faini inatozwa, kwa hiyo beba chupa yako ya chuma na uijaze kwenye mashine za maji zilizowekwa barabarani. Beba pia noti ndogo za rupia. Wenyeji hulipa kwa simu, lakini mgeni asiye na akaunti ya benki ya India atakwama kwenye kibanda cha chai.

Kurudi, treni ndogo hushuka alasiri na kufika Mettupalayam jioni, mapema ya kutosha kula na kuoga kabla ya ile ya usiku ya Chennai. Tiketi ya kushuka nayo ikateni mara inapoanza kuuzwa. Na miadi ya daktari msiiweke asubuhi ile mnayofika. Ombeni ya saa nane mchana.