Somo: Kuandaa kituo cha kulelea watoto mchana kabla afisa ustawi hajafika getini

Walezi wenzangu, habari za kazi. Afisa ustawi wa jamii alipokuja mara ya kwanza kukagua kituo chetu hapa Tabata, tulikuwa tumepaka rangi mpya, twiga na tembo wamechorwa ukutani, watoto wote wamevaa sare. Afisa hakuwatazama hao twiga. Alisimama getini alasiri, akamwona kijana wa bodaboda anampakia mtoto wa miaka mitatu, akaniuliza: "Huyu ni nani, na mzazi ameandika wapi kwamba ndiye wa kumchukua?" Nilikuwa namjua kwa sura tu. Tukapewa muda wa kurekebisha. Usingizi sikuupata usiku ule, na si kwa ajili ya leseni.

Hatua ya 1: Jua unakaguliwa na nani. Kituo cha kulelea watoto mchana kiko chini ya ustawi wa jamii, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Darasa la awali ni la upande wa elimu. Ukibandika kibao cha "shule" huku umeomba usajili wa kituo, umejitafutia maswali bure. Pitia serikali ya mtaa upate barua, kisha nenda kwa afisa ustawi wa halmashauri yako: Kinondoni, Ubungo, Temeke, Kigamboni, au Jiji la Dar es Salaam kwa sisi wa iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Muombe nakala ya kanuni uisome mwenyewe, hasa idadi ya watoto kwa kila mlezi. Usitegemee ya kuambiwa.

Hatua ya 2: Mafaili. Kila mtoto awe na lake: nakala ya cheti cha kuzaliwa, nakala ya kadi ya kliniki, namba za simu za wazazi na za mtu mwingine wa karibu, mzio alionao, dawa anazotumia. Faili la kituo liwe na barua ya mtaa, mkataba wa pango au hati ya nyumba, ratiba ya siku na ya chakula, na vyeti vya walezi. Weka pia daftari la matukio. Mtoto akianguka akachubuka goti, andika saa, mahali, aliyekuwepo na ulichofanya, na mzazi asaini jioni. Kuna wanaodhani daftari tupu ni sifa. Watoto ishirini wanaocheza miezi sita bila kuchubuka hata mmoja? Mkaguzi atajua hamuandiki.

Hatua ya 3: Geti. Hapa ndipo nilipoangukia, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha. Kila mtoto awe na karatasi ya wanaoruhusiwa kumchukua, yenye picha, namba ya simu na saini ya mzazi. Asiyekuwemo hapewi mtoto, hata akimjua jina, hata mtoto akimkimbilia. Mzazi akipiga simu kwamba leo anamtuma mjomba, kata simu, kisha umpigie wewe kwa namba iliyo kwenye faili. Daftari la kuingia na kutoka lijazwe palepale mtoto anapopita, si saa kumi na mbili jioni kwa kukumbuka. Komeo la geti liwe juu kuliko mkono wa mtoto unavyofika, na mlezi mmoja awe na jukumu la geti kwa zamu, jina lake likiwa ukutani. Dar watoto wanapotea Kariakoo wakiwa wameshikwa mkono na mama zao. Geti lililo wazi linalotazama barabara ya daladala ni hatari kubwa kuliko hiyo.

Hatua ya 4: Piga magoti. Zunguka kituo kizima ukiwa kwenye kimo cha mtoto wa miaka miwili. Utaona soketi isiyo na kifuniko, msumari chini ya meza, waya wa feni unaoning'inia, dawa ya panya nyuma ya kabati. Angalia pipa na ndoo za maji kwa makini, maana mtoto mdogo huzama hata kwenye ndoo isiyojaa. Vifunike vyote, na tanki la chini lifungwe kwa kufuli. Masika yakianza Machi, angalia pia mtaro wa nje.

Hatua ya 5: Maji, choo na jiko. Ndoo yenye koki na sabuni iwe karibu na choo, pale mtoto anapotoka. Maji ya kunywa yachemshwe, yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko, kila mtoto na kikombe chake. Poti zioshwe kila zinapotumika. Mpishi awe amepimwa afya na cheti chake kisiwe kimepitwa na muda. Mtungi wa gesi ukae nje ya chumba cha watoto.

Hatua ya 6: Moto. Mtungi wa kuzimia moto uwe na tarehe ya ukaguzi ambayo haijapita, na kila mlezi ajue kuutumia. Namba 114 ya Zimamoto ibandikwe ukutani. Fanyeni zoezi la kutoka nje mkiwa na daftari la mahudhurio, mhesabu watoto mkifika uwanjani. Sisi zoezi la kwanza tulimsahau mmoja amelala chini ya kitanda.

Hatua ya 7: Walezi. Mkaguzi atawauliza wao, si wewe. Kaa nao wiki mbili kabla, uwaulize: mtoto akipaliwa unafanyaje? Nani ana mzio wa karanga? Fimbo isiwepo kituoni kabisa, hata ya "kutishia".

Siku yenyewe usibadilishe chochote. Uji unywewe saa ileile.

MASWALI YA WANACHAMA

Mlezi wa Mbagala: Nimepanga, na mwenye nyumba hataki nitoboe mlango wa pili wa kutokea moto ukizuka. Nifanyeje?
Jibu: Nenda naye kwa afisa, aambiwe mwenyewe. Akikataa, tafuta nyumba nyingine kabla hujanunua magodoro. Najua kodi ya miezi sita inauma, lakini chumba chenye mlango mmoja na nondo madirishani sitakushauri ulaze watoto humo.

Mlezi wa Kigamboni: Shikamoo dada. Wazazi wengine hawana cheti wala kadi. Niwakatae?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usimkatae mtoto. Mwelekeze mzazi RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa cheti, na zahanati kwa kadi. Chanjo ya surua na rubella hutolewa miezi 9 na miezi 18, na kwenye vituo vya serikali ni bure. Andika kwenye faili tarehe uliyomwelekeza, na umfuatilie.

Mlezi wa Sinza: Baba mmoja alinifokea kwa kumzuia shangazi wa mtoto.
Jibu: Mpe pole, mpe maji, mpe fomu amwongeze shangazi. Msimamo usiuache. Mzazi wangu aliyefoka zaidi ndiye sasa ananiletea wazazi wengine.

Mlezi wa Gongo la Mboto: Kuna mtoto anakuja na alama za kipigo mgongoni. Nikiandika kwenye daftari, si nitajiletea matatizo kwenye ukaguzi?
Jibu: Andika leo hii, mama. Andika ulichokiona na maneno ya mtoto kama alivyoyasema, usimhoji zaidi. Sheria ya Mtoto inamtaka yeyote mwenye taarifa za namna hiyo aziripoti serikali za mitaa, kwa hiyo mpigie afisa ustawi wako sasa. Asipopatikana piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi kilicho karibu. Na kesho asipokuja, usisubiri keshokutwa.