Geji ya presha ya zamani, utajuaje kama bado inasema ukweli?

Geji uliyoitoa kwenye kompresa au pampu iliyokufa usiifunge tu mahali pengine eti kwa sababu mshale umekaa kwenye sifuri. Sifuri haithibitishi kitu, geji nyingi zina kapini pale chini kanakozuia mshale, so inawezekana ulishahama na ungeshuka zaidi ila kapini kameushika. Mimi kwanza nagonga kioo kwa kidole, polepole, mshale ukiruka na kukaa pengine ujue ndani kuna kutu au meno ya vigia yameanza kuisha.

Halafu nenda kwenye maji. Maji hayana longolongo, kila mita 1 kwenda juu inatoa PSI 1.42 (PSI na baa ni vipimo vya presha), mita 7 ni kama PSI 10, mita 10 inakaribia baa 1. Tafuta mpira wa kuonyesha ndani, funga geji upande wa chini na klipu ibane vizuri, jaza maji, kisha mtu apandishe ncha ya pili ghorofani au kwenye ngazi, ncha hiyo iwe wazi usiizibe. Pima wima kutoka katikati ya geji mpaka maji yalipoishia, sio urefu wa mpira, mpira ukipinda pinda haijalishi na hata unene wake haujalishi.

Kinachosumbua ni hewa. Mara ya kwanza nilipata PSI 8 badala ya 10 nikaitukana geji wee, kumbe kuna pengo la hewa karibu mita nzima na nusu katikati ya mpira, ningeangalia vizuri ningeliona. Jaza taratibu, gonga gonga mpira mapovu yapande yatoke.

Soma ukiwa unapandisha, mita 2, 4, 6, halafu tena ukishusha. Namba zikitofautiana sana kupanda na kushuka kwa urefu ule ule, kuna kitu kinakwama ndani.

Sasa kama geji yako inaenda mpaka PSI 150, mita 7 za maji zitausogeza mshale kidogo sana, hapo hujapima kitu. Tumia kiungo cha T, upande mmoja geji unayoiamini upande mwingine ya zamani, jaza upepo kwa kompresa kidogo kidogo uandike zote mbili, usizidi robo tatu ya kipimo cha geji. Ya zamani ikizidisha PSI 3 kila mahali hiyo sio mbaya, mshale umehama tu, andika na maka peni juu ya kioo uendelee nayo. Ila ikizidisha 2 huku na 9 kule, huenda kale kabomba kalikopinda ndani, kanakosukuma mshale, kalishapigwa presha kubwa kakanyooka, hakarudi tena, tupa.

Geji ya oksijeni usiijaribu kwa maji wala kuipaka oili, oili ikikutana na oksijeni ya presha inalipuka. Na ya boila mpelekee mwenye vifaa.