Mausi ya wailesi inagoma? Anza na mahali ulipochomeka risiva

Minada ya korosho ikikaribia, mwezi wa kumi, mausi huanza kumiminika hapa steshenari. Zinatoka kwenye vyama vya msingi vya wakulima na maghalani, nyingine zimeteremka na basi kutoka Tandahimba au Newala ndani ya mkoba mmoja na makaratasi ya kutoa kopi. Anayeleta huwa ameshakata shauri kwamba imekufa. Msimu huu karani mmoja aliniwekea yake juu ya kaunta akasema, “Fundi, hizi za wailesi haziwezi kazi yetu. Nitafutie ya waya.” Niliichomeka kwenye kompyuta yangu palepale ikafanya kazi bila kigugumizi. Nikamwambia, dada, hii ni nzima, tatizo liko ofisini kwako. Tulilimaliza siku hiyohiyo kwa kipande cha waya, na hatua zenyewe ndizo hizi. Nimeziandika kwa mtu mwenye Windows 10 au 11, maana ndizo ninazokutana nazo kila siku.

Hatua ya 1: Chagua mausi ya kukufaa huku

Nunua mausi yenye risiva yake ndogo ya USB, kile kidude unachochomeka kwenye kompyuta kipokee mawimbi ya mausi, na inayotumia betri moja ya AA, ile ya saa ya ukutani. Zile zenye betri ya ndani ya kuchaji sizipendekezi kwa ofisi. Umeme ukikatika na chaji imeisha, umekwama. Miaka ikipita betri ile huchoka, na kuitoa ni kazi ya kupasua plastiki. Betri ya AA inauzwa kila duka, hata kijijini.

Za blututhi peke yake nazo naziweka nyuma. Kompyuta nyingi za mezani tulizonazo hazina blututhi. Hata zenye nayo, ukitaka kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, mausi ya namna hiyo kwa kawaida haionekani, na kompyuta ikiamka usingizini inaweza kukusubirisha kabla ya kuunganika. Mwenye tableti au laptopu nyembamba isiyo na tundu la kawaida la USB, huyo namwelewa.

Dukani omba ijaribiwe mbele yako, na hakikisha risiva ipo. Mausi nyingi za bei ya chini zimefungwa na risiva moja tangu kiwandani, kwa hiyo ukiipoteza huna mausi tena. Logitech wana aina zinazoweza kuunganishwa upya na risiva nyingine ya aina hiyohiyo. Risiva za Unifying zina alama ndogo ya rangi ya chungwa, na zile mpya zaidi zinaitwa Logi Bolt. Unifying haiungani na Bolt, usichanganye.

Hatua ya 2: Ifungue, ichomeke, iwashe

Mara nyingi risiva imefichwa tumboni, karibu na betri. Kama betri imewekewa kipande cha plastiki kinachochungulia nje, kivute. Chomeka risiva, washa swichi ya chini, subiri sekunde chache. Windows itajipangia yenyewe. CD ikiwemo, iache kwenye boksi.

Mausi yenye kitufe cha namba 1, 2 na 3 hukumbuka kompyuta tatu tofauti. Ikionekana imekufa, angalia kwanza taa iko kwenye namba ipi.

Ofisi yenye mausi mbili au tatu za aina moja, zipakeni rangi ya kucha: risiva na mausi yake rangi moja. Risiva zinafanana kabisa, na zikibadilishana mtu anasogeza mausi yake huku mshale unatembea kwenye kompyuta ya mwenzake.

Hatua ya 3: Risiva ikae wapi

Dalili ni hizi. Mshale unaruka, au unaganda kidogo kisha unakimbilia pembeni. Unabofya mara tatu inaitika mara moja. Asubuhi inafanya kazi vizuri, mchana haishikiki. Umeweka betri mpya na hali ni ileile. Hapo ndipo watu hutupa mausi nzima.

Mausi ya risiva huongea na kompyuta kwa mawimbi ya redio ya 2.4 GHz. Bendi hiyo ni ya wote: waifai imo, blututhi imo, oveni ya maikrowevu nayo inamwaga mawimbi yake humo. Na mausi inaongea kwa sauti ndogo mno kwa makusudi, ili betri idumu miezi. Chochote chenye sauti kubwa kikikaa karibu na risiva, risiva haiisikii mausi.

Mpiga kelele ambaye watu hawamshuku ni USB 3.0. Data hupita humo kwa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde, na kasi hiyo huvujisha kelele ya redio inayoangukia palepale kwenye 2.4 GHz. Intel walilieleza jambo hili mwaka 2012: kelele hutoka kwenye kifaa chenyewe, kwenye waya wake na kwenye maungio. Utalitambua tundu la USB 3.0 kwa ulimi wa bluu ndani yake au herufi SS pembeni, ingawa si watengenezaji wote wanaofuata rangi hiyo. Tundu la bluu likiwa tupu halina neno. Shida huja kikichomekwa kitu cha USB 3.0 kinachofanya kazi, hasa diski ya nje, na risiva ya mausi ikawa jirani yake.

Kwa yule karani ndivyo ilivyokuwa. Lile kasha ambalo sote hapa tunaliita CPU lilikuwa chini ya meza ya chuma, mgongo umeelekea ukutani. Huko nyuma kulikuwa na diski ya nje ya kuhifadhi nakala za mizani na malipo ya wakulima, na risiva imechomekwa tundu la pili yake. Kila diski ilipoanza kunakili, mshale uliganda. Kwake ilionekana mausi inachoka mchana, kumbe mchana ndipo alipokuwa akihifadhi nakala.

Jipime mwenyewe kwa mpangilio huu, usiruke:

1. Ilete mausi shubiri moja kutoka kwenye risiva. Ikitulia, tatizo ni mawimbi. Ikiendelea kuruka hata hapo, iondoe kwanza diski ya nje kama ipo karibu na risiva, kisha jaribu tena. Bado inaruka? Nenda hatua ya 4 na ya 5.
2. Mausi ikiwa mahali pake pa kawaida, itoe diski ya nje kwa utaratibu, yaani uiage kwanza kwenye Windows kwa Eject kisha uichomoe. Mshale ukitulia, umemkamata mwizi.
3. Kama huna diski ya nje, zima waifai ya kompyuta kwa dakika moja. Halafu angalia simu. Wengi wetu intaneti tunaipata kwa hotspot ya simu, na simu yenyewe inalazwa kandokando ya mausi. Hotspot nyingi ziko kwenye 2.4 GHz hiyohiyo.

Dawa ninayoiamini kuliko zote ni waya wa kuongezea wa USB, wa nusu mita hadi mita moja. Upande mmoja chomeka kwenye kompyuta, upande mwingine chomeka risiva, kisha ilete risiva juu ya meza ikae mahali inapoonana na mausi. Waya wa USB 2.0 unatosha kabisa, kwa sababu data ya mausi ni kidogo mno. Anayekuuzia wa USB 3.0 kwa bei kubwa kwa ajili ya mausi, mwache. Mimi humuuzia mtu waya huu kabla sijamuuzia mausi mpya.

Mambo ya kuangalia, maana hapa watu hufanya nusu halafu wanasema haikusaidia:

Usiufunge waya huo pamoja na waya wa diski kwa rababendi ili meza ionekane nadhifu. Umeirudisha risiva kwenye kelele uliyoikimbia.

Usiichomeke risiva kwenye habu ya USB 3.0, kile kigawanyio cha matundu, ambayo imebeba diski pia. Ni kosa lilelile limehamia juu ya meza.

Kama huna waya, tumia tundu la mbele la CPU na diski ibaki nyuma. Si dawa kamili, ila risiva imetoka nyuma ya sanduku la bati, na bati huzuia mawimbi. Meza ya chuma nayo inazuia, ndiyo maana risiva iliyo chini ya meza na mausi iliyo juu hazielewani.

Kwenye laptopu weka diski upande mmoja na risiva upande wa pili. Kama matundu yote yako upande mmoja, rudi kwenye waya.

Ruta ya waifai isikae mezani pamoja na mausi, isogeze walau mita moja. Ikiwa ruta na kompyuta zote zina ile bendi nyingine ya waifai, 5 GHz, iunganishe kompyuta huko na uiachie mausi nafasi yake. Kwenye simu pia tafuta mpangilio wa bendi ya hotspot, lakini hakikisha kwanza kompyuta inaiona 5 GHz, la sivyo utajikatia intaneti katikati ya kazi.

Hatua ya 4: Betri na kutu

Betri mpya ya AA aina ya alikalaini ina volti 1.5 au zaidi kidogo. Pima kwa mita ya volti. Ikishuka chini ya 1.2 ibadilishe. Za kuchaji za NiMH kawaida yao ni 1.2 hata zikiwa na chaji, hivyo usizihukumu kwa kipimo cha alikalaini.

Ukanda wetu huu, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, hewa ina chumvi na unyevu, na springi za betri hushika kutu mapema. Ukiona weusi au ukijani, toa betri, sugua springi kwa raba ya kufutia penseli mpaka chuma king'ae. Ukiona unga mweupe, hapo ni betri ya alikalaini imevuja. Usiuguse kwa mkono mtupu. Chovya pamba ya masikio kwenye siki au maji ya ndimu, pakaza kidogo, futa, kisha malizia kwa spiriti na uache ikauke kabisa. Kidogo maana yake kidogo: tone likiingia kwenye saketi umeongeza tatizo.

Betri za bei rahisi za zinki na kaboni sizipendi kabisa kwenye mausi. Kopo lake la zinki ndilo linaloliwa betri inapofanya kazi, linazidi kuwa jembamba, mwisho linatoboka na kumwaga yaliyomo.

Hatua ya 5: Meza na tundu la taa

Ofisi zetu zinapenda kioo juu ya meza, chini yake kalenda na picha za semina. Mausi ya kawaida hupiga picha nyingi za uso wa meza kila sekunde na kulinganisha moja na nyingine. Kwenye kioo haioni cha kulinganisha. Weka karatasi ya A4 chini yake. Mshale ukitulia, nunua pedi ya kitambaa na jambo limekwisha. Meza iliyopigwa vanishi ikang'aa na vigae huleta shida hiyohiyo.

Kwa wenzetu wa maghala: igeuze mausi, angalia ndani ya tundu la taa. Uzi mmoja wa gunia unatosha kuufanya mshale utetemeke wenyewe. Utoe kwa kibanio au brashi laini. Kama taa haionekani, usiogope, nyingine hutumia mwanga usioonekana kwa macho. Jaribu kuiangalia kwa kamera ya mbele ya simu, mara nyingi inauona.

Hatua ya 6: Windows inapolizima tundu

Mausi ikikata kila ukiacha kompyuta kidogo, huenda Windows inalizima tundu ili kuokoa umeme. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M. Itafunguka Device Manager. Shuka hadi sehemu ya USB, fungua kila USB Root Hub, nenda Power Management, ondoa tiki ya “Allow the computer to turn off this device to save power”, kisha OK. Mausi ikiwa imegoma kabisa, tembea kwa Tab, mishale na Enter. Au bonyeza Alt, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, ukubali, na namba za kulia kwenye kibodi zitausogeza mshale.

Kubofya mara moja ikaitika mara mbili si jambo la wailesi. Ni swichi ya ndani imechakaa. Fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu huibadilisha.

Hatua ya 7: Msimu ukifungwa

Ofisi nyingi za vyama hukaa kimya miezi kadhaa baada ya minada. Betri ikiachwa ndani muda wote huo ndipo inapovuja, na Oktoba mnanileta mausi yenye unga mweupe. Itoe betri. Risiva irudishe tumboni mwa mausi, funika, iweke kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu. Waya wa kuongezea uviringe uweke humohumo, ili anayefungua msimu ujao asichomeke tena risiva nyuma ya CPU.