Ng'ombe ana mimba na joto ndo hili: miezi miwili ya mwisho mtunze hivi

Jamani wafugaji wenzangu wa pwani ya Kenya, Kisauni, Likoni mpaka Mtwapa, kaskazi ishaingia na joto lake mwalijua, leo nataka tumwongelee ng'ombe aliyekaushwa akingoja kuzaa, maana wengi wetu tukishaacha kumkama twamsahau, twaona hana kazi. Kazi anayo, na kubwa.

Watafiti wa chuo kikuu cha Florida kule Marekani walifuatilia ng'ombe wa maziwa aina ya Holstein waliopatwa na joto siku hizo za mwisho kabla ya kuzaa, wakakuta binti zao walipokuja kuzaa walitoa maziwa pungufu, zaidi ya kilo 2 kwa siku, na hata wajukuu yakawapungua. Si kwamba jeni zenyewe zilibadilika, yadhaniwa ni vile vialama vya kemikali vinavyokaa juu ya DNA na kuiambia jeni hii fanya kazi, hii nyamaza, ndo epijenetiki hiyo. Na ndama jike akiwa tumboni tayari ana mayai yake, kwa hivyo joto la mama lagusa vizazi vitatu kwa mpigo. Mie nilivyolijua hili sikulala vizuri.

Anza na kuhesabu pumzi. Saa nane mchana simama kando yake bila kumsumbua, angalia ubavu pale nyuma ya mbavu, kupanda na kushuka ni moja, hesabu nusu dakika kwa simu halafu zidisha mara mbili. Ikipita 60 joto limemzidi hata kama bado anacheua, na ukimwona ameachama mate yatiririka usingoje kuhesabu.

Banda la bati la chini ni jiko. Kama pesa ya kubadilisha huna, tandaza makuti juu ya bati na ufungue upande wa baharini. Mie kwangu nilitoa mbao mbili tu, jioni yake ng'ombe kahama kona aliyozoea akalala pale pale upepo unapoingilia.

Kumlowesha ni kuzuri ila hapa hewa yetu ina unyevu mwingi, bila upepo maji hayakauki mwilini, banda lageuka mvuke tu, kwa hivyo mmwagie mgongoni palipo na upepo au feni. Maji ya kunywa yakae kivulini, yatie mkono, yakiwa moto badilisha. Najua maji ya mkokoteni ni ghali na mfereji siku zingine hautoi, lakini hapa usibane. Lishe kubwa mpe alfajiri na baada ya magharibi, maana kumeng'enya nako kwazalisha joto. Na fimbo wekeni kando kabisa.

Tarehe ya kupandishwa iandike, hesabu kama siku 280 upate siku ya kuzaa, kisha rudi nyuma 60, ndo siku ya kumkausha. Akipandishwa mapema Novemba atakauka Juni na Julai, kipupwe, kusi lavuma, ndo safi. Ndama akizaliwa mpime siku hiyo hiyo uandike, akiwa mwepesi fungua daftari uone mama yake alikuwa akihema mara ngapi.